Bunduki ya Kumtoa Ombeni Besimenti

Jumatatu, 6 Novemba 2006

Ombeni, huna haya. Mwanaume wa miaka arobaini na mbili analala mchana kweupe, uso ukutani, soksi mguu mmoja. Mimi mama yako nashuka ngazi za besimenti na sinia mkononi, magoti yanalia, wewe unasema weka hapo. Sikukuzaa uwe mtu wa kuwekewa hapo.

Naandika kwa sababu kumwambia usoni nimechoka. Hajibu. Nimesoma mpaka darasa la nne, mwandiko wangu unasomeka, na mchana nyumba hii ya Columbia, huku ughaibuni, haina mtu wa kuongea naye.

Mgongo ulimharibika Aprili, kule nyumba ya wazee alikofanya kazi. Alikuwa anamwinua mzee mmoja mnene bafuni. Mzee hakuanguka. Aliyeanguka ni mwanangu. Daktari akasema pingili imetoka mahali pake, apumzike. Amepumzika. Amepumzika mpaka kochi limeshika umbo lake. Anaangalia chaneli ya wawindaji, sauti ameizima.

Juzi napita na kapu la nguo, mlango wa chumba uko wazi kidogo. Mkamwana wangu Jacqueline anaongea kwenye simu na dada yake wa Annandale. Anasema amechoka kuwa nesi kazini na nesi nyumbani. Anasema Krismasi ikifika na Ombeni bado yuko chini, yeye anaondoka. Hakulia. Angelia ningejua ni hasira tu, zitapita. Alikuwa anasema huku anakunja taulo.

Sijamwambia mtu. Nilirudi nikafua upya nguo zilizokuwa safi.

Leo akaja Kipchumba. Huyu ni rafiki wa Ombeni, Mkalenjini wa Kenya, dereva wa lori la mikate, anakaa Upper Marlboro. Ameleta bunduki imeviringishwa kwenye blanketi la mtoto. Akasema Jumamosi ya tarehe ishirini na tano msimu wa kulungu unafunguliwa, waende wote wawili milima ya magharibi, kule Garrett. Ombeni akasema bunduki nzito, mgongo hautakubali. Kipchumba akasema basi wataipunguza uzito, kwani mikono yao inafanya kazi gani.

Ombeni akapanda ngazi. Mwenyewe. Sikumwita. Akasimama gereji na shati la kulalia, akaishika ile bunduki, akaigeuza, shingo yake ikanyooka.

Nimeona nilichoona. Mwanangu hataachwa. Bunduki hii itakuwa nyepesi hata kama ni mimi wa kuilamba mpaka iishe.

Jumatano, 8 Novemba 2006

Gereji imegeuka karakana. Gari la Jacqueline liko nje linanyeshewa.

Kipchumba anaeleza kama mwalimu. Bunduki ya mlimani, anasema, ni ile unayoisahau begani mpaka kulungu akukumbushe. Mtutu utapelekwa kwa fundi mwenye leseni aupunguze urefu. Darubini kubwa itatoka, itakaa ndogo. Kitako ni cha mbao ngumu, kitachimbwa ndani kama mzinga wa nyuki, halafu mdomo wa shimo utazibwa na raba nene, ile inayokaa begani. Daktari amemruhusu Ombeni kubeba ratili sita, zaidi ya hapo hapana. Sasa hivi bunduki ina tisa.

Nikawaambia kuwa bunduki nazijua. Marehemu mume wangu kule Upare alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori. Mimi ndiye niliyembebea mpaka juu, na mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe ni huyu Ombeni. Hakuna aliyelichimba wala kulikata.

Kipchumba akauliza, "Kogo, hiyo ilikuwa bunduki ama mlango?" Kogo ni bibi kwa lugha yao. Ombeni akacheka kwa pua. Kwa ajili ya hiyo pua nimemsamehe Mkalenjini.

Kupima ni kazi. Tuna mizani ya bafuni tu, na bunduki haisimami juu yake. Lazima mtu asimame ameishika, kisha uzito wa mtu utolewe. Nikajitolea. Ilikuwa asubuhi, sijanywa hata chai, kanga moja, miguu mitupu. Kipchumba akausoma uzito wangu kwa sauti kama yuko mnadani. Nikamwambia uzito wa mama wa watu hautangazwi. Na kwa kuwa sasa wameujua, wauweke kichwani, sitapanda tena peke yangu.

Jacqueline akarudi kutoka zamu ya usiku, bado amevaa nguo za hospitali. Akaitazama bunduki, akamtazama mumewe. Akauliza mtu asiyeweza kutoa pipa la taka nje atamtoaje kulungu mlimani. Nikamjibu pipa la taka halina msimu. Akasema, "Mama, please, niko too tired," akaenda kulala.

Mkamwana wangu ni Mhaya. Akinijibu kwa Kiingereza ujue ameniheshimu. Majibu ya Kihaya anayo, ameyameza.

Ijumaa, 10 Novemba 2006

Ombeni anakwenda kinyonga. Anasugua msasa kidogo, anakaa, anashika kiuno, anasugua tena. Kwa mwendo huu msimu utafunguliwa na kufungwa.

Basi leo alipopanda kuoga niliingia gereji na kipande cha chupa. Kwetu mpini wa jembe unakwanguliwa kwa chupa, unatoka laini kama kiwiko cha mtoto. Nikakwangua shingo ya kitako, pale mkono unaposhika. Mbao ikawa inatoka nyuzi nyuzi, inanukia. Kazi tamu. Nikasahau kuacha.

Ombeni akaja. Akapitisha kidole pale kwenye shingo. Angenifokea ningemjibu, majibu nilikuwa nayo tayari. Akashuka chini akawasha chaneli yake.

Kipchumba akafika jioni. Akainua kitako kwenye taa, akasema ningeongeza dakika mbili wangekuwa na fimbo ya kutembelea. Akaikaza shingo kwa gundi na kitambaa kile kigumu cha kuzibia mashua. Akasema, "Kogo, mikono ikikuwasha, nitakuletea gunia la viazi umenye." Viazi! Mimi!

Nikampa ugali na maharage. Akala sahani mbili, akashuka kumtafuta Ombeni. Wakakaa huko. Nikasikia kicheko, cha wote wawili. Mimi nimeshusha uji tangu Aprili, sijawahi kupewa hata nusu ya kicheko hicho.

Sina wivu. Naandika tu.

Jumapili, 12 Novemba 2006

Ibada ya Kiswahili. Bibi Waringa alikaa mbele yangu na kofia yake inayoziba madhabahu. Baada ya ibada, kwenye chai, mbele ya watu wote, akaniuliza kama kijana wangu bado amelala. Akasema mwanawe Mwaura kila mwaka analeta kulungu, mpaka friza inagoma kufunga. Akasema, "Lakini si kila mtu anaweza, mama. Wengine ni wa ndani."

Wa ndani. Kama pazia.

Nikasema Ombeni hanunui bunduki dukani kama watu wengine. Anajitengenezea. Nikasema Jumapili baada ya msimu kufunguliwa, washirika wote watakula mchuzi wa kulungu kwa mkono wangu, na waje na njaa. Mchungaji akafurahi, akatangaza hapo hapo na kikombe mkononi. Watu wakapiga makofi.

Jacqueline alikuwa pembeni amefumba macho. Hakuwa anaomba.

Kwenye gari akaniuliza nyama hiyo nimemwahidi nani. Nikasema nimemwahidi Mungu. Akasema ningemwahidi Mungu peke yake ingekuwa nafuu, Mungu hatakuja na sahani.

Jumanne, 14 Novemba 2006

Siku mbaya.

Kitako kimechimbwa, kimepakwa mafuta. Gereji ina baridi, mafuta hayakauki. Nikakitoa nje, nikakifunga kwa kamba kwenye reli ya ngazi ya mbele, jua likipige. Kitako tu. Mbao tupu, haina mtutu, haina chochote. Halafu nikaingia kukoroga uji.

Jirani wa kushoto, yule mwenye mbwa mfupi, akaona alichokiona akapiga simu. Wakaja polisi wawili. Vijana. Mlango ukagongwa kwa ngumi. Ombeni ndiye aliyepanda kufungua kwa sababu alijua mimi sina Kiingereza cha kutosha. Wakamwambia ainue mikono. Mgongo ukakataa. Mikono ikafika mabegani ikakwama. Wakamwambia tena, kwa sauti nyingine. Mwanangu anawaeleza mgongo, mgongo, na mikono haipandi.

Nikatoka na mwiko. Nikasema huyo ni mgonjwa. Nilisema kwa Kiswahili, ndicho kilichokuwa mdomoni.

Jacqueline akateremka ngazi na nguo za kulalia, mikono juu, sauti yake tulivu kama anaongea na mgonjwa wa homa. Akawaeleza. Wakakitazama kitako, wakakigonga, wakaona tundu. Mmoja akaomba radhi. Mwingine akasema tusianike tena vitu vya namna hiyo.

Wakaondoka. Jacqueline akatoka akakaa kwenye gari lake, hakuliwasha. Kupitia dirishani niliona mabega yake. Ombeni akatoka na soksi zake akaketi kiti cha pili. Walikaa humo mpaka vioo vikaingia ukungu.

Jirani ndiye mwenye makosa yote. Na kitako kilikauka.

Alhamisi, 16 Novemba 2006

Tangu ile siku ya polisi Jacqueline anashuka gereji kabla ya zamu. Anakaa kwenye ndoo aliyoipindua. Anamshikia Ombeni taa. Leo Ombeni amenyoa ndevu. Uso umetoka, mwembamba, wa baba yake.

Mtutu umerudi kutoka kwa fundi, mfupi, mzuri. Darubini ndogo imekaa. Bunduki ikaunganishwa. Ombeni akaiweka begani, akalenga taa, Jacqueline akamwondolea unga wa mbao shingoni kwa kidole. Nikatazama pembeni. Nikajisemea Annandale hakuna mtu wa kwenda huko.

Ikabaki kupima. Nikapanda mizani kama kawaida. Gereji baridi, nilikuwa na sweta langu nene, lile refu, na buti za theluji, na nilikuwa nimetoka mezani. Ombeni akatoa uzito wangu wa siku ile ya kwanza. Ikabaki ratili saba na kitu.

Kipchumba akashangaa. Akaichukua, akaipima kwa mkono, akasema kwa mkono wake hii ni sita au chini. Nikamwambia mkono si mizani. Akasema hata hivyo iachwe hapo hapo, isiguswe tena, kwa sababu bunduki ikizidi kuwa nyepesi inapiga teke. Akasema uzito ndio unaomeza nguvu ya risasi, na raba inameza iliyobaki.

Bunduki inapiga teke. Punda ndiye anapiga teke. Mtu akishindwa kazi hakosi hadithi.

Lakini Ombeni aliposikia saba na kitu aliiweka mezani. Akasema, "Basi." Neno moja. Ninalijua hilo basi lake. Alisema vile vile Aprili.

Jacqueline akaenda kazini. Ndoo imebaki imepinduliwa.

Ijumaa, 17 Novemba 2006

Nimemaliza tatizo. Mimi, darasa la nne.

Niliichunguza bunduki yote mpaka nikaona mzigo uko wapi. Ni ile raba. Nene kama soli ya kandambili mbili, nzito, imekaa tu mwishoni, haifyatui, hailengi, haifanyi chochote. Gobore la mume wangu halikuwa na raba na nguruwe walikufa. Skrubu mbili tu zilizoishika. Nikazifungua kwa kisu cha siagi.

Tundu likabaki wazi. Nikalijaza sponji ya kuoshea vyombo, mpya, ya manjano. Nyepesi kama hakuna kitu. Juu yake nikashona mfuko wa kitenge, nikaubana kwa lastiki, ukakaa kama kofia ya mtoto mchanga. Ukigusa ni laini kuliko raba. Kitenge cha bluu chenye kuku.

Ombeni alipoiona nikamwambia ni zawadi, bega lisiteleze. Akashika kile kitenge, akasema, "Ahsante mama." Akaipima kwa mkono. Akasema leo anaiona nyepesi. Nikamwambia ni mkono wake umepata nguvu.

Raba sikuitupa, si vizuri kutupa. Niliisukuma chini ya mguu wa mashine ya kufulia, ile inayocheza ngoma ikikamua. Sasa imetulia. Kwa hiyo nimetengeneza vitu viwili siku moja.

Jumamosi, 18 Novemba 2006

Tulikwenda wote uwanja wa shabaha, nyuma ya mashamba ya farasi. Jacqueline aliendesha, ametoka zamu moja kwa moja, macho mekundu, lakini alikuja. Alivaa lile koti lake kubwa la sufu. Nilibeba chupa ya chai na maandazi. Ombeni alikaa mbele, bunduki iko nyuma imefungiwa kwenye sanduku lake. Njiani aliimba. Kidogo, ndani ya meno. Jacqueline akapunguza mwendo ili wimbo uishe kabla hatujafika.

Kipchumba alitukuta huko. Akauliza kile kitenge ni cha nini. Ombeni akasema ni cha mama. Kipchumba akacheka, akasema kuku wamekuja kuwinda. Hakukivua. Angekuwa fundi wa kweli angekivua.

Wakasema apige akiwa ameketi. Ombeni akasema kulungu hatamletea kiti. Akasimama. Wote tukaziba masikio kwa zile sahani za plastiki za kuzuia mlio. Akalenga muda mrefu. Niliona mgongo wake umenyooka kama siku ya harusi yake.

Akapiga.

Sikusikia vizuri. Niliona tu amekwenda nyuma, kama mtu aliyesukumwa na mwingine asiyeonekana, akakanyaga hewa, mgongo ukapiga ukingo wa benchi la saruji. Bunduki ikaanguka juu ya nyasi. Kofia ya kitenge ilikuwa imeruka. Sponji imejibana kama chapati.

Jacqueline alifika kwanza. Alipiga magoti kwenye saruji, akamzuia asijigeuze. Ombeni hakupiga kelele. Alikuwa anatazama mawingu na kusema samahani, samahani, samahani, sijui alikuwa anamwambia nani.

Kipchumba akaokota bunduki, akatoa risasi, akatazama mwisho wa kitako. Akatazama sana. Halafu akanitazama mimi. Nikamimina chai.

Ambulensi ilichukua muda. Kuna mtu alileta karatasi ya shabaha. Ombeni alikuwa ameipiga katikati. Hakuna aliyeipokea, nikaikunja mimi.

Maandazi yamerudi yote.

Jumatano, 22 Novemba 2006

Amerudishwa nyumbani. Hakuna kilichovunjika. Ni pingili ile ile, imetoka tena. Bega limekuwa jeusi mpaka kwenye kiwiko. Alale chali. Kitanda cha kukodi kimewekwa besimenti kwa sababu ngazi za juu ni nyingi. Kochi limetolewa. Chaneli haangalii. Anaangalia dari.

Jacqueline anampa dawa, anamgeuza, anapanda, anashuka. Hasemi na mimi vibaya. Anasema "Mama, pisha." Basi.

Leo Kipchumba alikuja kumwona. Alikaa pembeni ya kitanda. Mimi nilikuwa nimewasha mashine ya kufulia, iko hapo hapo ukutani, na ilipofika kukamua haikucheza. Kipchumba akaushangaa utulivu wake. Akainama. Akaivuta raba kutoka chini ya mguu wa mashine, akaipangusa kwa kiganja. Mashine ikaanza ngoma yake.

Akaniuliza, taratibu, siku ile nilipopanda mizani mara ya mwisho nilikuwa nimevaa nini. Nikasema nguo. Akauliza buti pia. Nikasema buti si bunduki, asichanganye mambo. Akauliza nilikuwa nimekula. Nikasema katika nyumba hii watu wanakula, yeye anajua zaidi ya wote.

Akafumba macho. Akasema ile bunduki ilikuwa imeshafika sita tangu Alhamisi. Ilikuwa imekwisha. Haikuhitaji kitu.

Akaitia raba mfukoni. Akaninong'oneza kwamba atamwambia Ombeni ni yeye aliyekosea, hakukaza skrubu. Akasema mtu mgonjwa asipewe na hilo tena la mama yake. Nikamwambia ni sawa, amwambie hivyo, kwa sababu kweli alikosea. Alitakiwa kukivua kile kitenge.

Alinitazama kama mtu anayetafuta mlango. Kisha akasema, "Haya, Kogo."

Ombeni alikuwa macho wakati wote huo. Sikujua mpaka nilipogeuka. Hakunitazama.

Jumamosi, 25 Novemba 2006

Msimu umefunguliwa. Hakuna aliyekwenda popote. Asubuhi kulikuwa na barafu kwenye majani, siku nzuri kwa kulungu.

Jacqueline ameondoka.

Hakugombana. Alipanga dawa za wiki nzima kwenye vile visanduku vidogo, akamwonyesha Ombeni ipi ya asubuhi. Alizungumza naye amepiga magoti, kichwa chake karibu na cha mumewe, sikusikia. Ombeni alisema mara moja tu, "Nenda upumzike." Mpumbavu. Mwanaume anaambiwa ninaondoka, yeye anatoa ruhusa.

Akanikumbatia. Akasema anakwenda kwa dada yake Annandale siku chache. Nikamuuliza chache ni ngapi. Akasema, "Mama, sijui." Kwa Kiswahili kitupu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sanduku lake aliliacha mlangoni akaenda kuwasha gari lipate joto. Nilikuwa peke yangu nalo. Koti la sufu lilikuwa juu yake limekunjwa. Nikalichukua, nikalisukuma nyuma ya mlango wa chumba changu. Alirudi akabeba sanduku kwa haraka, anafuta macho, hakutazama. Akaondoka na sweta.

Jumapili, 26 Novemba 2006

Kanisani sikwenda. Watu wamekaa na njaa yao. Waringa atasema. Aseme.

Leo baridi imezidi. Redio ya Ombeni imesema kesho itashuka zaidi. Nilimshushia uji, nikamwambia, kama mtu anayeongea na ukuta, kwamba Jacqueline ameacha koti, na zamu yake ya usiku inaanza kesho, na pale anapoegesha gari ni mbali na mlango wa hospitali.

Akageuza kichwa. Akauliza, "Amevaa nini?" Swali la kwanza tangu uwanja wa shabaha. Nikasema sweta, lile la kijani, lina matundu kwenye kiwiko. Kisha akashika reli ya kitanda. Uso ukawa wa majivu, jasho likamtoka, lakini akaketi. Akaketi, miguu chini. Akauliza koti liko wapi.

Nikapanda kulichukua. Nimelishika mkononi sasa. Ni zito mno. Lina sufu nje, na ndani limetandikwa pamba nene kama godoro. Mtu wa mgongo hawezi kubeba kitu kama hiki mpaka Annandale, na lazima alibebe yeye, si mimi wala Kipchumba, la sivyo halina maana.

Nimekaa na wembe, nimefumua bitana. Pamba yote imetoka, imejaa mfuko wa taka. Nikalishona tena vizuri, mshono hauonekani. Sasa ni jepesi kama kanga. Kwa nje huwezi kujua.

Kipchumba nimempigia, anakuja na lori la mikate. Ombeni, acha kuita huko chini, nimekusikia. Vaa viatu vyote viwili. Upande ngazi hizi, ulichukue koti la mke wako mkononi mwangu, ukamvishe mwenyewe, na umwambie arudi.